Ngome Kongwe ya Unguja kwa macho ya fundi wa chokaa

Wengi wanaoisifu Ngome Kongwe husifu muziki waliousikia humo. Mimi ni mwashi, vidole vyangu vimeliwa na chokaa tangu ujana, kwa hiyo nitaanza na ukuta. Muziki utafuata.

Ukishapita lango usikimbilie minara. Simama kwenye uwanja mkubwa, zifuate kuta za ndani kwa macho, polepole. Kuna kipande ambacho si kazi ya Waarabu. Ni mabaki ya kanisa walilolijenga Wareno kati ya 1598 na 1612. Waarabu wa Oman walipowaondoa mwaka 1698, hawakulifuta kanisa lote. Walichokikuta kimesimama wakakiunga na ukuta wao, na kufikia 1701 ngome ikawa tayari. Wasomi watakueleza habari za dini na ushindi. Mimi naona hesabu ya fundi: jiwe la matumbawe limeshachimbwa, limeshabebwa, chokaa imeshachomwa kwa magogo na kushika, nani atabomoa ili ajenge tena palepale?

Mara ya mwisho nilikuwa nimejibandika ukutani natafuta maungio, binti mmoja muuza picha akanifuata. "Shikamoo babu. Nikuoneshe simba? Tembo je?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, simba sina haja naye, nataka hapo nyuma ya tembo." Akacheka, akaishusha picha, nikapata nilichokitaka. Bidhaa humo ni zilezile za mitaani: picha za tingatinga, vinyago, kanga. Sina la kuongeza.

Kinachonivutia ni jinsi kila aliyekuja alivyoitumia nyumba hii kwa shida yake. Mamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliishambulia 1754 wakashindwa, kwa hiyo kama ngome ilifaa. Karne ya 19 ikawa gereza, na waliohukumiwa kufa wakiuawa nje ya ukuta wa mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa bohari ya reli ya Bububu, ile treni ambayo watoto wa leo ukiwahadithia wanadhani unawatania. Kisha 1949 ikakarabatiwa, na uwanja mkubwa, huu huu wenye ukuta wa kanisa, ukafanywa uwanja wa tenisi wa mabibi. Nawaza mpira ukigonga ukuta uliowahi kusikia sala za Kilatini, bibi wa Kizungu anaomba radhi, mchezo unaendelea. Baada ya Mapinduzi ya 1964 pakakaa bila kazi maalumu, mpaka miaka ya tisini palipokarabatiwa na uwanja wa pili ukawekewa jukwaa la wazi na ngazi za mawe za kukalia.

Wako wanaonung'unika kwamba matamasha na biashara vinaivunjia heshima. Sikubaliani nao kabisa. Nyumba ya chokaa haiuliwi na watu, inauliwa na maji. Paa likivuja, mtu aliye ndani analowa, analalamika, fundi anaitwa. Mahali pasipo na mtu maji yanashuka kimya, chokaa inaoshwa, boriti inaoza ndani ya ukuta, na hakuna wa kusema. Jirani yake hapohapo, Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, ilikuwa imefungwa kwa miaka kadhaa na mafundi walikuwa kwenye matengenezo, tarehe 25 Desemba 2020 upande wake ukaanguka na watu wakafa. Sisemi chanzo ni kufungwa peke yake. Nasema tu kwamba ukuta wa Wareno umedumu kwa kuwa kila karne alitokea mtu aliyeuhitaji, hata kama alikuwa mkuu wa gereza.

(Hapa kanisa liligeuzwa ngome. Mtaa wa Mkunazini mambo yalikwenda kinyume: soko la watumwa ndilo lililogeuzwa kanisa, kuanzia 1873. Ukiwa na siku moja tu mjini, pitia sehemu zote mbili, ni mwendo mfupi kwa miguu.)

Ninachokiogopa mimi ni saruji. Si hapa tu, Mji Mkongwe mzima. Kuta hizi zinapumua: unyevu na chumvi ya bahari vinaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukipiga plasta ya saruji juu yake umeuziba mdomo, chumvi inabaki ndani inalisukuma jiwe mpaka linageuka unga. Kijana yeyote atakayeshika mwiko kwenye ngome hii ajue hilo kabla ya kuchanganya ndoo ya kwanza.

Sasa muziki. Sauti za Busara, inayofanyika Februari, na tamasha la filamu la nchi za jahazi vimeifanya ngome ijulikane duniani kuliko mizinga yoyote. Ukumbi ni mzuri. Kuta zinashika sauti ya udi na qanuni, zile ala za nyuzi za taarab, vizuri, ila besi ya spika kubwa inazunguka na kurudi, hivyo ukipenda maneno ya nyimbo usikae karibu na ukuta. Ngazi za mawe ni ngumu, tena zinahifadhi joto la mchana kutwa. Njoo na mkeka au kanga uikunje. Njaa ikikubana, bustani ya Forodhani iko mbele, pweza na urojo vinakungoja.

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya kiuno changu kwenye yale mawe. Anayetaka kuuona ukuta wa kanisa asije Februari, watu ni wengi mno. Aje mwezi mwingine, asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa la ubavu, maana ndilo linalotoa kila kovu la plasta. Saa sita mchana kuta zote zinafanana.