Mpini wa raba kwa grinda ya inchi 9, mkono wa kushoto umepata nafuu kweli

Wakuu, hii ni ya mafundi wa mageti na madirisha, hasa nyie wa Unga Limited hapa Arusha mnaoshinda na grinda kubwa mkononi. Nimetoa ule mpini wa pembeni wa plastiki ngumu uliokuja na mashine nikafunga wa kuzuia mtetemo, ule ambao kati ya bolti na sehemu ya kushika kuna raba, kwa hiyo mashine ikitetemeka ile raba inameza mtetemo kwanza kabla haujafika kiganjani. Makita wanao, Bosch pia wanao. Bei imechangamka ukilinganisha na mpini wa kawaida ila mi naona hela imeenda sehemu sahihi.

Zamani nikikata angle line, yaani vile vyuma vya kona, mchana kutwa, jioni vidole vya kushoto vinawasha afu ganzi, hata kufunga kifungo cha shati shida. Sasa hivi hiyo hali imepungua sana tu. Imepungua, sio imeisha, na mkono wa kulia haujapata kitu kwa sababu wenyewe umeshika mwili wa mashine, mpini haufiki huko.

Msichukulie poa hii ganzi jamani. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana kule Marekani waliokuwa wanatumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi baridi ikipiga. Baridi inabana mishipa ya damu ambayo mtetemo umeshaiumiza, na baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, asubuhi chuma chenyewe hakishikiki. Mi siku hizi siwashi grinda mpaka mikono ipate joto.

Halafu kitabu cha mashine msitupe. Mtetemo umeandikwa humo kwa m/s², ndio kipimo cha ukali wake. Sheria ya Ulaya ya 2002 inasema ikifika 2.5 kwa kazi ya masaa 8 mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndio mwisho. Na mtetemo ukiwa mara mbili muda wako haugawanyiki kwa mbili, unagawanyika kwa nne, yaani dozi ya masaa 8 kwenye 2.5 unaimaliza kwa masaa 2 tu kwenye 5. Kwa hiyo kupokezana na kijana wako sio uvivu.

Ila mpini hautaokoa kitu kama diski ni mbovu, na hapa ndio naumia nikiona vijana wanakomaa na diski iliyomeguka pembeni eti bado inakata. Diski isiyo na balansi ndio chanzo kikubwa cha kutetemeka, maana grinda ya inchi 9 inazunguka mpaka 6,600 kwa dakika, kasoro ndogo tu unaisikia mpaka begani. Futa vumbi kwenye flanji, zile sahani za chuma zinazobana diski, kabla hujafunga, na angalia tarehe iliyogongwa kwenye ile ringi ya chuma katikati ya diski, ikishapita usinunue hata wakikupunguzia bei. Afu usiikabe mashine kwa nguvu, ishike kiasi cha kuimudu tu, ukikaza sana mtetemo unaingia zaidi mkononi.

Kuna duka hapa mjini walinionyesha mpini wanasema wa kuzuia mtetemo kumbe raba ni ya juu tu, ndani bolti imeshikana na plastiki moja kwa moja. Kupima ni rahisi, shika bolti kwa mkono mmoja uchezeshe mpini kwa mwingine, wa kweli unacheza kidogo, usiocheza kabisa rudisha, na unaolegea kama umechoka usichukue pia maana mashine itakukimbia ikinasa. Na nenda na grinda yako dukani, thredi za kubwa na ndogo hazilingani.