Kozi ya jioni ya sheria na usalama wa mtandao, Arusha mjini: mwalimu mzuri, slaidi zimepitwa na wakati

Nafanya kazi upande wa bukingi katika kampuni ya safari hapa Arusha. Mikononi mwangu zinapita pasipoti za Wajerumani, Waholanzi na Wafaransa, namba za simu za ndugu zao na, kwa wanaopanda Kilimanjaro, fomu za afya zinazoeleza nani ana pumu na nani anatumia dawa za presha. Nilipoona tangazo la kozi ya sheria, uzingatiaji na usimamizi wa vihatarishi vya teknolojia, nililipa ada ya shilingi 450,000 nikaanza kwenda Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Chuo kiko mjini, si mbali na mnara wa saa, kwa hiyo anayerudi Njiro au Sakina hahangaiki na usafiri.

Nguvu ya kozi hii ni mwalimu. Ni wakili, na hakubali maneno ya jumla. Alitugawia karatasi zenye safu tupu, kila mtu ajaze rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mabaya yanayoweza kutokea, ya ofisi yake mwenyewe. Jirani yangu, kijana wa TEHAMA kutoka hospitali moja, akaandika "wadukuzi". Mwalimu akamwambia, "Mdogo wangu, hao ni watu. Niandikie kitatokea nini, kwa sababu gani, na nani ataumia." Mstari wangu wa kwanza ulisomeka hivi: kwa kuwa nakala za pasipoti hutumwa WhatsApp kwa madereva wa msimu na hakuna anayezifuta, simu ya dereva ikiibiwa, taarifa za wageni zitaishia kwa wezi. Tukavipa alama: uwezekano nne kati ya tano, athari nne kati ya tano, ukizidisha unapata 16 kati ya 25. Bosi alipousoma hakubishana. Sasa dereva anapewa majina, muda wa kuwasili na mambo ya chakula, basi. Pasipoti zinabaki ofisini. Hatukununua chochote.

Zoezi jingine lilituweka darasani hadi mlinzi akaja kugonga mlango. Laptopu ya ofisi imeibiwa kwenye gari Ijumaa saa kumi na moja jioni, ndani yake kuna pasipoti za wageni wa Ulaya. Je, ufanye nini, na kwa haraka kiasi gani? Sheria ya taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inamfikia hata mwenye ofisi Arusha akiwauzia huduma watu walioko huko, nayo inataka mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya huko ijulishwe ndani ya saa 72 tangu mhusika agundue. Wikiendi haisimamishi saa. Hapo darasa likagawanyika, wengine wakitaka kuandika barua usiku huohuo. Mwalimu akauliza swali moja: diski ilikuwa imesimbwa, yaani data yake imefichwa isisomeke bila neno la siri? Kama imesimbwa vizuri na mwizi hana neno la siri, hatari kwa wageni inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba taarifa kwa mamlaka si lazima, ila tukio lazima uliandike na uhifadhi kumbukumbu. Kama haikusimbwa, una hadi Jumatatu jioni. Kuwasha usimbaji kwenye kompyuta ni kazi ya fundi ya mchana mmoja, na ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili. Natamani kila mwenye kampuni ya utalii mjini hapa angekuwepo.

Sasa kasoro, na hii inaniuma kwa sababu kozi inastahili zaidi. Sheria zetu wenyewe zilipewa jioni moja tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yenye Tume yake, inayomtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa ajisajili na inayoziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Zile fomu zangu za Kilimanjaro ziko humo moja kwa moja! Tukaipitia mbiombio pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, halafu tukarudi Ulaya. Darasa lilikuwa na watu wa SACCOS, hoteli na hospitali. Wengi wao hawana mteja hata mmoja Berlin.

Pia slaidi za ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama wa taarifa, zilikuwa za toleo la 2013, lenye vidhibiti (hatua za kinga) 114. Toleo la 2022 lina 93, vimepangwa upya katika makundi manne. Mtu anayejiandaa kwa mtihani atapotea. Niliwaeleza ofisini kwao wakaahidi kurekebisha.

Anayetaka kujifunza kudukua asiende, hakuna hata amri moja ya kompyuta inayofundishwa. Karani wa mapokezi, mhasibu, ofisa mikopo, mtu wa bukingi kama mimi, nenda. Kabla ya kulipa, uliza slaidi ni za toleo gani na sheria ya Tanzania imepewa vipindi vingapi. Wakijibu vizuri, lipia siku hiyohiyo.