Daftari la ratiba kwa mmisionari ambaye tayari ana simu

Vijana wanaojiandaa kwenda misheni huniuliza kama kuna haja ya kubeba daftari la ratiba, ikiwa simu watakayoitumia tayari ina programu ya kupangia kazi, ramani, na kumbukumbu za kila anayefundishwa. Haja ipo. Lakini si kila daftari linafaa, na hata linalofaa lisipewe kazi ya simu.

Ninalolizungumzia ni lile nililotembea nalo nikiwa mmisionari wa muda wote wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Halina jina kubwa. Ni daftari la mfukoni lenye jalada la plastiki laini, utepe wa kuwekea alama, na wiki nzima kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Kila siku ina mistari ya nusu saa nusu saa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Chini ya kila siku kuna kisanduku kidogo kitupu, na upande wa kulia kuna pambizo pana isiyo na mistari. Hivyo viwili, kisanduku na pambizo, ndivyo vilivyonifanya nilipende. Mengine yote utayapata kwenye daftari lolote.

Umbo lake sina ugomvi nalo. Linaingia mfuko wa sketi bila kutokeza, na jalada linastahimili jasho na manyunyu. Karatasi ndiyo dhaifu: ni nyembamba, wino wa kalamu nzito unatokea upande wa pili, Jumatatu inachafua Alhamisi. Tumia penseli. Isitoshe, mipango ya mmisionari hubadilika kabla wino haujakauka.

Kasoro kubwa zaidi ni tarehe zilizochapwa tangu Januari. Mmisionari haanzi kazi Januari. Anaanza siku aliyopangiwa, akina kaka wakitumikia miezi 24 na akina dada 18, na maisha yake yanakatwa vipande vya wiki 6 kufuatana na uhamisho. Ukilinunua katikati ya mwaka, nusu ya karatasi umelipia bure. Kama watengenezaji wanasoma: toeni toleo lisilo na tarehe, tutajaza wenyewe.

Sasa pambizo. Tulipokaa kwenye kikao cha kupanga wiki, mwenza wangu wa kwanza, yaani dada mmisionari niliyepangiwa kutumikia naye, alikuwa mwepesi wa kujaza mistari. Saa 4, kutafuta watu. Saa 6, kutembelea. Saa 8, kutafuta tena. Ukurasa ukawa umejaa, anautazama kwa kuridhika. Nikamuuliza:

"Dada, hapa saa nane tunatafuta wapi?"

"Tutaona tukifika."

"Tukifika wapi, Dada?"

Alicheka, akageuza penseli, akafuta. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba mstari hauandikwi kabla pambizo haijaandikwa. Pambizoni tunaweka mtu, hali yake na hatua yake inayofuata, ndipo tunampa saa. Ukurasa wa Jumatano moja, pamoja na sura ya Alma kutoka Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu, ulisomeka hivi: "M., mama wa mapacha. Hajawahi kusali kwa sauti mbele ya mtu. Alma 32, mbegu. Aombewe na sisi, kisha aombe yeye, tusimharakishe. Akikosekana: jirani yake B., aliuliza kuhusu Sabato." Baada ya hayo yote ndipo mshale ukaenda kwenye saa 8:00. Na kweli mama hakuwepo siku ile, alikuwa amewapeleka watoto kliniki. Hatukusimama barabarani kuulizana twende wapi. Tulivuka kwenda kwa B.

Kwa mwenye nia ya kununua, hilo ndilo ningependa alielewe. Mmisionari hapotezi muda mwingi kwa uvivu. Anaupoteza kwenye nafasi kati ya miadi iliyovunjika na miadi inayofuata, akiwa amevaa vizuri, anatembea kwa kasi, na hana anakokwenda. Mpango wa pili ulioandikwa asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia baada ya maombi na kujifunza, unaokoa saa nyingi kuliko kuongeza mwendo. Waefeso 5:16 inasema tuukomboe wakati, nasi huwa tunaukariri mstari huo kana kwamba unahusu kukimbia.

Simu nayo? Siibezi. Kumbukumbu za watu zikae kwenye simu, hakuna mjadala. Wamisionari wakihamishwa, wanaokuja baada yao lazima wajue nani amefundishwa nini, na daftari langu la mfukoni haliwezi kuwarithisha chochote. Ramani pia ni ya simu. Lakini kupanga siku kwenye simu kuna gharama yake. Unaifungua kuangalia miadi ya saa 9, unakutana na ujumbe wa kundi la wilaya, yaani wamisionari wa eneo letu, mtu ametuma picha ya ubatizo, unapongeza, mwingine anauliza nani atabeba projekta kwenye baraza la wilaya, na unapoinua macho hujaangalia miadi ya saa 9. Daftari hufunguliwa na kufungwa. Halafu kuna adabu ya nyumba za watu. Mwenyeji akikuona umeinamia simu hudhani umemchoka. Ukifungua daftari na kumwandika pale pale siku mtakayorudi, anaona amepewa nafasi.

Onyo moja zito kabla sijaendelea kusifia. Daftari halina nambari ya siri. Likidondoka kwenye gari la abiria, mambo ya watu yamedondoka nalo: nani ana shida ya pombe, nani kamwambia mmisionari jambo ambalo mumewe halijui. Andika herufi ya kwanza tu, na undani uuweke kwenye simu iliyofungwa, jioni hiyo hiyo. Nimeokota la mmisionari mwingine kwenye kiti cha kanisani, limejaa majina kamili na nambari za nyumba. Nililifunga haraka, nikampelekea mwenyewe.

Kuhusu ratiba yenyewe. Mpangilio wa kawaida tuliozoea ni kuamka saa 12:30 asubuhi na kulala saa 4:30 usiku, na katikati mna mazoezi, kujifunza binafsi, kujifunza na mwenza, kisha nje. Mwaka 2017 Kanisa lililegeza mambo kidogo: kupanga siku kukahamishwa kutoka usiku kwenda asubuhi, viongozi wa misheni wakapewa nafasi zaidi ya kurekebisha saa kufuatana na mazingira, na viashiria muhimu, yaani hesabu za kazi ambazo mmisionari huripoti, vikapunguzwa kutoka tisa hadi vinne. Daftari hili linakubaliana na mpangilio wowote kati ya hiyo, kwa sababu mistari yake haina maandishi. Wapo wanaolalamika kwamba halina sehemu ya takwimu za wiki. Mimi nafurahi halina. Takwimu zina mahali pake, na kiongozi wa wilaya atakuuliza upende usipende. Panapobaki pa faragha pasijazwe hesabu ya wengine.

Tumefika kwenye kisanduku cha chini. Hapo usiku niliandika sentensi moja au mbili tu: leo niliuona wapi mkono wa Mungu, na ile sifa ya Kristo niliyochagua kuifanyia kazi imekwendaje. Wakati fulani sifa yangu ilikuwa subira. Mwenza wangu alikuwa na yake, sikuisoma, naye hakusoma yangu. Wazo hili si la watengenezaji wa madaftari, wala si la kwetu peke yetu. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, alishauri mtu anayepambana na kosa fulani achore mistari miwili kwa kila siku ya juma na kuweka nukta kila anapojikwaa, kisha alinganishe siku na siku, wiki na wiki. Mtu akitazama nukta zinapungua au zinaongezeka, anajua anakoelekea bila kuambiwa na kiongozi yeyote.

Bila kisanduku hicho, ningekuwa na hofu na daftari lenye mistari ya nusu saa. John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alipokwenda Georgia huko Amerika mwaka 1735, aliweka shajara ya saa kwa saa kwa vifupisho na alama zake mwenyewe: alipoamka, aliposali, alichosoma, aliozungumza nao. Sidhani kama yupo mmisionari wa leo wa kumshinda kwa kuhesabu muda. Naye, akiwa baharini kurudi Uingereza Januari 1738, aliandika kwa uchungu kwamba alikwenda Amerika kuwaongoa wenyeji wa huko, lakini yeye mwenyewe ni nani atakayemwongoa. Nilipoisoma habari hiyo nilirudi kwenye kurasa zangu za miezi ya mwanzo. Mistari ilikuwa imejaa vizuri sana. Visanduku vilikuwa na maneno kama "siku nzuri" na "nimechoka". Kurasa za mwaka wa pili zina mistari michache zaidi, na kule chini maandishi yamebanana mpaka yanapanda juu ya fremu. Ukinitaka nichague ni zipi zinaonyesha mmisionari aliyekua, sisiti.

Ndiyo sababu ninashauri pia kuacha nusu saa tupu baada ya ziara nzito. Daftari linakushawishi ujaze kila mstari, na kwa mtu mwenye bidii ushawishi huo ni mkali. Mfalme Benyamini katika Mosia 4 ya Kitabu cha Mormoni anakumbusha kwamba haitakiwi mtu akimbie kuliko nguvu alizo nazo, ingawa anatakiwa kuwa na bidii. Kuna mzee mmoja mjane tuliyempangia nusu saa. Alitoa albamu ya picha za mkewe, na tulikaa mpaka jua likapungua makali. Miadi miwili iliyofuata tuliifuta kwa penseli kwa sababu wenyewe tuliwapigia wakakubali kesho. Mtu anayepima daftari kwa mistari iliyotekelezwa ataona alasiri iliyoharibika.

Nani asilinunue? Anayependa kalamu za rangi na vibandiko. Nimewaona wakimaliza saa nzima ya siku ya maandalizi, ile siku ya kufua na shughuli binafsi, wakiremba wiki, na nguo hazijafuliwa. Asilinunue pia mwenye mwandiko mkubwa, maana pambizo itamwishia kwenye mtu wa pili. Na yale madaftari ya ngozi yenye zipu, mifuko ya kadi na mahali pa kalamu tatu, yaacheni dukani. Ni mazito, na baada ya muda mfupi yanageuka kuwa stoo ya risiti.

Kwa jumla nalipatia daftari hili nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya karatasi na zile tarehe. Wanandoa wazee wanaotumikia pamoja watafute toleo kubwa zaidi, lenye siku moja kwa ukurasa: mistari ya hili la mfukoni ni myembamba mno kwa mtu wa miwani, na ratiba yao haikatwi kwa nusu saa kama yetu.