Uzoefu wangu na huduma ya kusafisha projekta Dodoma

Projekta ya darasa letu hapa Dodoma ilikuwa imefifia kiasi kwamba wanafunzi wa viti vya nyuma hawakuweza kusoma maandishi, na vipindi vya mchana ilikuwa ikijizima yenyewe baada ya kuwasha taa ya onyo la joto. Muuzaji mmoja alinishauri ninunue balbu mpya. Kwa kuwa balbu hizo ni ghali, niliona ni heri kwanza niipeleke kwa fundi wa mjini anayesafisha projekta, na kazi yake imeniridhisha kwa sehemu kubwa.

Kilichonipa imani ni kwamba hakukimbilia bisibisi. Aliiwasha, akafungua menyu na kunionyesha kuwa saa za matumizi ya balbu hazijafika hata nusu ya zile zilizotajwa katika kitabu cha maelekezo, kisha akarusha picha nyeusi ukutani, na hapo nikaliona doa la kijani lisilo na kingo, lililotanda kama ukungu. Projekta yetu ni ya LCD tatu, yaani mwanga hugawanywa kuwa mwekundu, wa kijani na wa buluu, na kila rangi hupita kwenye paneli yake, kioo kidogo cha ndani kinachounda picha. Vumbi likitua kwenye paneli ya kijani, doa huwa la kijani, na kufuta lenzi ya mbele hakuliondoi hata kidogo.

Chujio la hewa lilitoka likiwa limezibwa kabisa na vumbi la kiangazi lililochanganyika na unga wa chaki. Alilisafisha kwa mashine ndogo ya kufyonza vumbi, bila maji. Ndani alipuliza kwa pampu ya mpira ya kubinya kwa mkono, akiwa ameyazuia mabawa ya feni kwa kidole ili yasizunguke kwa kasi na kuharibu beringi. Makopo ya kupulizia yenye gesi inayoshika moto hakuyagusa. Balbu, ambayo ina zebaki ndani yake, aliishika kwenye fremu tu, kwa kuwa mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo chake huweza kukifanya kipasuke kikipata moto. Lenzi aliifuta mwisho kwa kitambaa laini.

Doa limetoweka, mwanga umerudi, na projekta haijizimi tena. Gharama yake haikufika nusu ya bei ya balbu.

Nina malalamiko mawili. Hakuwa na chujio jipya la kutuuzia, na stakabadhi yake imeandikwa "usafi" tu, jambo linalomtesa mwalimu anayetakiwa kueleza matumizi ya fedha za shule. Chujio sasa tunalisafisha wenyewe kila mwezi, na hatuchomoi waya wa umeme kabla feni haijasimama, lakini kuifungua projekta ni kazi ya fundi. Nitamrudia kabla ya kiangazi kijacho, na safari hiyo nitadai karatasi inayoonyesha saa za balbu na kila sehemu iliyosafishwa.