Marobota ya majani ya mpunga kwa matandazo: nimeyatumia msimu mmoja kwenye nyanya

Zamu yangu ya maji ya mfereji ni Jumanne. Ikipita, hadi Jumanne nyingine. Kiangazi nyanya zangu zilikuwa zikifika Jumapili mchana zimelegea majani kama zilizomwagiwa maji ya moto. Hilo ndilo lililonifanya Agosti ninunue majani makavu ya mpunga ya kutandaza juu ya udongo ili unyevu usikimbie, marobota 20 kutoka majaruba ya huku Chekereni, tambarare ya Moshi. Kila robota shilingi 3,000, na guta la kusafirisha, safari mbili, likachukua 20,000.

Robota lina kama kilo 13, limebanwa kwa mashine na kufungwa kamba mbili. Ukikata kamba linafumuka vizuri, unatandaza kwa mkono bila kuhitaji reki. Nina robo ekari. Nilifunika nusu tu, unene wa vidole vitatu, nyingine nikaiacha wazi nione tofauti kwa macho yangu. Nilimwagilia Jumanne, nikatandaza Jumatano asubuhi udongo ukiwa umelowa. Ukifunika udongo mkavu umefunika ukavu, na manyunyu yakija yanaishia kwenye majani.

Ijumaa saa nane mchana nilifunua kidogo chini ya mche mmoja. Udongo ulikuwa mweusi, ukinata kwenye vidole, wa baridi. Tuta la jirani lisilofunikwa lilikuwa limeshaweka gamba na nyufa za kuingiza kucha. Jumapili ile nyanya za upande wa majani zilisimama hadi jioni.

Nikataka kujua zaidi. Nilijaza udongo kwenye ndoo mbili, nikamwagilia sawa, moja nikaifunika majani, nikawa nazipima jioni kwa mizani ya kuning'iniza. Siku mbili za mwanzo ndoo iliyo wazi ilipoteza kama robo tatu ya kilo, ile nyingine robo tu. Ila kufikia siku ya kumi na mbili tofauti ilikuwa imepungua sana. Udongo ukiwa umetoka kunywa, jua na upepo ndivyo vinavyoamua maji yaondoke kwa kasi gani. Majani yanakinga jua, na hewa iliyo chini yake inatulia na unyevu wake. Lakini udongo wazi ukishakauka juu, tabaka hilo kavu nalo linakuwa kifuniko, maji ya chini yanapanda polepole. Ile iliyofunikwa inaendelea kupoteza kidogo kidogo na kuifikia mwenzake. Kwa hiyo kwangu mimi, mwenye zamu ya kila wiki, majani haya yananifaa mno. Anayengoja mvua kwa mwezi mzima asitegemee makubwa, na tena mche wenyewe unakunywa pale pale, majani hayazuii hilo.

Sasa kasoro. Marobota matatu yalikuwa yameloa ndani, yana ukungu mweupe na harufu ya uvundo. Aliyeniuzia akasema mzigo ukishapakiwa haurudi. Niliumia, maana hayo ni 9,000, nikayapeleka kwenye mboji. Punje zilizobaki ziliota mpunga katikati ya matuta, nikawa naung'oa kwa mkono wiki mbili. Majani usiyaweke kwenye mfereji ulio kati ya matuta: yanaelea, yanakusanyika, maji yanakata njia pembeni. Yaweke juu ya tuta, uyaache mbali na shina kwa upana wa kiganja ili lisioze. Wala usiyachimbie ardhini ukiwa unakaribia kupanda, maana yakioza yanachukua naitrojeni ya udongo, ambayo ni chakula cha mimea, na miche inakuwa ya njano.

Mama yangu alipoyaona alisikitika kweli: "Mwanangu, chakula cha ng'ombe unakitandika chini?" Nilimwambia, "Mama, njoo Jumapili mchana uone." Alikuja, akainama, akatia mkono chini ya majani, akanyamaza. Hoja yake lakini ni ya kweli. Wafugaji wa huko juu mlimani wanashusha magari kuyafuata haya haya, na kiangazi kikikolea bei inapanda.

Nitanunua tena, marobota 40 kwa robo ekari nzima, na nitayafuata Julai kabla bei haijapanda. Safari hii nitatia mkono katikati ya kila robota kabla halijapanda kwenye guta.