Bakuli la kulishia mjusi: mabuu hawatoki, nyenje wanalicheka

Boksi la bakuli hili limeandikwa kwamba hakuna mdudu atakayetoroka. Hayo ni maneno ya biashara. Baada ya kulitumia kwa muda wa kutosha, jibu langu ni kwamba inategemea ni mdudu gani, na lini mara ya mwisho ulilifuta.

Ni bakuli la kauri, zito, linalong'aa ndani na nje, na ukingo wake umejikunja kwa ndani. Mjusi wangu ni geko chui. Hawa hawana nyayo za kunata kama mjusi kafiri, hawawezi kupanda kitu laini, kwa hiyo kimo cha bakuli si jambo dogo: likiwa refu mno, chakula atakiona tu. Hili lina kimo kizuri. Anaweka miguu ya mbele juu ya ukingo, anainamisha kichwa, ncha ya mkia inaanza kutikisika, kisha anadaka. Na hata akilikanyaga kwa uzito wake wote halipinduki. La plastiki lilikuwa linabinuka kila siku.

Asiyefuga atauliza, mdudu akitoka si mjusi atamfukuza amle? Buu wa unga akitoka anajichimbia kwenye matandiko, basi, hutamwona tena mpaka awe mbawakawa mweusi. Nyenje ni balaa zaidi, maana akikaa na njaa usiku humng'ata mjusi aliyelala. Halafu kuna suala la kalsiamu. Wengi wa wadudu tunaolishia wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo maana tunawapaka unga wa kalsiamu ili mifupa ya mjusi isilegee. Mdudu aliyezurura huko chini ameshapukutisha unga wote, kwa hiyo hata akiliwa baadaye, analiwa mtupu.

Kwa mabuu wa unga sina lawama hata moja. Ukiwatazama kwa karibu unawaona wakizunguka ukutani, wakijiinua nusu mwili, ile miguu sita iliyo karibu na kichwa ikikwaruza kauri bila kupata pa kushika, kisha wanadondoka chali. Sijamkuta hata mmoja nje.

Mende wa dubia nao hawawezi kupanda ukuta laini, wakubwa kwa wadogo. Lakini hapa ndipo maelezo ya boksi yanaponyamaza. Ule unga wa kalsiamu unaowapaka unaganda ukutani, na ukishaganda, dubia wanapata pa kukanyagia. Niliwahi kumulika tochi nikaona njia nyembamba imechorwa kwenye vumbi jeupe, moja kwa moja hadi kwenye ukingo, na dubia mdogo kachungulia nje. Ukingo uliokunjwa ulimchelewesha, haukumzuia. Tangu hapo nawapaka unga kwenye kopo lingine, nawatikisa, nawachunga kwa chujio ili uliozidi ubaki, ndipo nawahamisha. Bakuli naliosha kwa maji ya moto na kulikausha kabisa kabla ya kulitumia tena. Kukausha ni lazima, hasa ukilisha mabuu wa nzi askari weusi: wakilowa, maji yanawagandisha ukutani na wanapanda hata kioo.

Nyenje? Sahau. Ukuta wa nini kwa mdudu anayeruka? Wapo wanaowakata miguu ya nyuma kwanza, na kweli inafanya kazi, ila mimi mkono wangu unagoma. Nyenje nawalisha kwa kibano, mmoja mmoja, na bakuli linapumzika.

Kuna ushauri wa kupaka mafuta ya mgando kwenye ukingo. Wadudu wanateleza, ni kweli, lakini mjusi ndiye anayelaza kidevu hapo na kuramba, kwa hiyo sikufuata.

Mahali pa kuliweka pia panachangia. Chini ya taa ya joto wadudu wanachangamka na kuhangaika, upande wa ubaridi wanatulia. Lisigusane na gogo wala jiwe, maana umewajengea ngazi. Na usiwajaze. Wakirundikana, wa juu anatumia migongo ya wenzake na ukingo haumsumbui tena.

Nalipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya yale maneno ya kwenye boksi, na kwa sababu sehemu ya chini ya ule mkunjo haifikiki kwa sponji. Unahitaji mswaki wa zamani, na humo ndimo unga unapojificha. Anayelisha nyenje peke yao asihangaike nalo. Anayelisha mabuu na dubia achukue saizi ya kati, dogo linawabana wadudu haraka.