Kipima pH cha mkononi: miezi minne ya kukitumia darasani

Ninafundisha kemia sekondari, na kwa miaka mingi nimetumia karatasi za litmasi kuwaonyesha wanafunzi kwamba si kila chumvi ikiyeyuka huyaacha maji jinsi yalivyokuwa. Karatasi hubadilika rangi tu. Mimi nilitaka namba, ndiyo maana nikanunua kipima pH chenye balbu ya kioo nchani. pH ni kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni besi.

Kilikuwa kimepotoka kwa 0.4, hivyo nilikirekebisha kwanza kwa pakiti za unga ambao ukiyeyushwa hutoa pH inayojulikana, 4.01 na 6.86, zilizokuwamo kwenye boksi. Kisha nikayeyusha kijiko kimoja cha kila chumvi katika glasi ya maji yaliyokenekwa. Maji matupu yalisoma kati ya 5.6 na 6.1 bila kutulia, kwa sababu hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na ayoni zake (chembe zenye chaji) ni chache mno kwa kifaa cha aina hii. Chumvi ya mezani iliituliza namba karibu na 7, kwani ayoni zake hazigombanii protoni (ayoni za hidrojeni, ambazo zikizidi maji huwa ya tindikali) na maji. Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, ilishusha hadi 5.3 kwa kuwa ayoni ya amonia huyaachia maji protoni. Magadi yalipandisha hadi 10.2, maana kaboneti huchukua protoni kutoka kwenye maji na kuacha hidroksidi, ayoni inayoyafanya maji kuwa ya besi.

Shabu ilifika 3.5, na mwanafunzi mmoja akauliza kwa wasiwasi kama nyumbani kwao, wanakoitia kwenye ndoo ili tope lituame, wamekuwa wakinywa tindikali. Tulipima ndoo ya maji ya mto palepale: yalikuwa 7.4, na baada ya kukoroga shabu kidogo yakawa 7.1, kwa kuwa bikaboneti zilizomo majini huipunguza makali. Kwa jibu hilo peke yake naona fedha yangu ilitumika vizuri.

Ninalolalamikia ni maelezo yake, ambayo hayasemi popote kwamba balbu isiachwe ikauke. Yangu ilikauka, ikawa nzito kusoma, hadi nilipoilaza usiku kucha katika maji ya kloridi ya potasiamu. Pia hakuna pakiti ya 9.18. Namba ya magadi niliyoitaja niliipata baada ya kuinunua kando. Kabla ya hapo kifaa kilisoma 9.8, na ninawaomba wauzaji waiweke ndani ya boksi.